Wito wa Chakula

Baba yangu amesikiliza mahubiri mengi ya maziko kuliko mchungaji yeyote ninayemjua, na hakuna hata moja lililomwingia. Alikuwa mpiga tarumbeta wa jeshi. Kila mtu wa kikosi chao alipokufa, awe amekufa kwa homa, kwa uzee au kwa kugongwa na gari, baba alivaa koti lake la kijani, akasimama hatua chache kutoka kaburini, akangoja wenye maneno wamalize maneno yao. Wachungaji, masheikh, wazee wa ukoo, wote aliwasikiliza kwa uso uleule, uso wa mtu aliyepanga foleni. Kisha alipiga wito wa kulala, ule ambao kambini hupigwa taa zinapozimwa, akaifunga tarumbeta kwenye kitambaa chake, akarudi nyumbani kunywa chai. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namuuliza baba, "Mchungaji kasema nini?" Alikuwa anajibu, "Yaleyale."

Nyumbani kwetu mama ndiye aliyekuwa anaombea chakula. Sisi tuliinamisha vichwa, baba aliangalia ukuta. Hakukejeli wala hakukataza. Alingoja tu kama alivyozoea kungoja makaburini, na mama akisema amina, yeye ndiye wa kwanza kushika kijiko. Mama alilibeba jambo hilo moyoni mpaka siku anaingia kaburini. Alikuwa na ombi moja kwa Mungu ambalo halikubadilika, kwamba mumewe asali hata mara moja, hata kwa makosa.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza meno. Siyo daktari, daktari yuko mbele, kwenye chumba chenye kiti cha kulalia na mashine ya kelele. Mimi niko nyuma, kwenye karakana yenye dirisha moja, na nta, na plasta, na vumbi jeupe linaloingia hadi kwenye nywele. Vipimo vya midomo ya watu huletwa kwangu kwenye sinia, nami nawatengenezea meno ya bandia watu ambao mara nyingi sizioni hata nyuso zao. Jioni mgongo unaniuma, narudi kumpikia baba, nalala. Kesho yake ni hivyohivyo. Nimeishi hivyo tangu mume wangu afariki, na sikumbuki siku niliyojiuliza maisha haya yana maana gani, kwa sababu mtu wa kujiuliza hayo inabidi kwanza apate nafasi ya kukaa chini. Kusali nasali. Nisidanganye lakini, nasali kwa mazoea, nusu ya sala usingizi unakuwa umeshanichukua.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuzungumza na baba habari za Mungu, na huyo ni Ukoko. Alikuwa mpishi wa kombania yao. Kambini alikuwa akiwafichia rafiki zake ukoko wa chini ya sufuria, na jina likamganda kama ukoko wenyewe. Si ndugu yetu wa damu, lakini mimi nilimwita baba mdogo tangu nilipoanza kuongea. Kila Jumamosi alikuja barazani kwetu, akakaa kwenye kiti kilekile chenye mguu mfupi, wakaanza ubishi wao wa tangu ujanani.

"Mungu alituokoa kule kilimani," baba mdogo alikuwa anasema.

"Mvua ndiyo iliyotuokoa."

"Mvua ya nani?"

"Ya wingu."

"Na wingu?"

"Ukoko, kunywa chai."

Habari za kilima nilizisikia kabla sijajua kusoma, lakini kwa vipande, mmoja akisimulia na mwenzake akimkatiza. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaviunganisha.

Ilikuwa vita vya mpakani. Kombania yao ilitumwa kushika kilima kimoja juu ya barabara, wakaambiwa wenzao watafuata. Hao wenzao hawakufuata. Adui akakizunguka kilima, akakata njia ya maji na ya chakula, akatulia. Hakuwa na haja ya kupanda, njaa ingemfanyia kazi yote. Kule juu wakala biskuti zikaisha. Wakala maharage ya mwisho nusu mabichi, kwa sababu maji ya kuyaivisha hayakutosha. Baada ya hapo walikuwa wakilala mahandakini, mikanda imekazwa hadi tundu la mwisho, wanaume wazima wanalia kimyakimya, na Ukoko, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalisha, anapita kati yao mikono mitupu.

Asubuhi moja Ukoko alimwendea kapteni akamwambia, "Afande, nimesali. Mungu ameniambia tupige wito wa chakula." Kapteni akadhani njaa imempanda mpishi wake kichwani. Ukoko akaeleza. Wawashe moto wa majani mabichi, moshi uonekane. Wagonge sufuria na vifuniko. Tarumbeta ipige wito wa chakula kama siku zote. Adui aliujua wito huo, alikuwa ameusikia tangu siku za kwanza. Ataona moshi, atasikia wito, ataamini kwamba kuna njia ya siri inayopitisha chakula, na kwamba watu hawa wataweza kukaa pale hata mwaka. Kapteni hakuwa na shauri jingine, akakubali. Maneno yakapitishwa handaki kwa handaki: ni hila, mtu yeyote asitoke.

Baba akapiga. Wito wa chakula ni mfupi na wa furaha, na ndio wito pekee ambao askari wameutungia maneno ya matusi. Mwili wa askari unauitikia kabla kichwa hakijafikiri. Kwenye handaki la mwisho walikuwepo vijana watatu waliojiunga na jeshi mwaka uleule. Waliambiwa kama walivyoambiwa wengine. Waliinuka. Walitoka na mabakuli yao ya bati, wakaanza kupanda kuelekea kwenye moshi, wima, mchana kweupe. Baba aliwaona, tarumbeta iko mdomoni. Kapteni akamshika bega akamwambia, "Maliza." Wito ukikatwa katikati, adui atajua. Baba akamaliza.

Wale watatu hawakufika kwenye moshi.

Siku iliyofuata adui aliondoka. Baba mdogo alisema aliondoka kwa sababu alidanganyika. Baba alisema aliondoka kwa sababu mvua kubwa ilikuwa inakuja na barabara yake ilikuwa ya udongo. Vyovyote iwavyo, waliobaki wote walishuka kilima wakiwa hai, na baba ndiye aliyeyaokota yale mabakuli. Aliporudi kambini aliomba apangiwe maziko tu. Wito wa chakula hakuupiga tena, hata alipoamriwa. Alikubali kuwekwa mahabusu siku mbili tatu, akatoka, wakamwacha.

Kuna Jumamosi ambazo ubishi wao ulikosa mzaha. Baba alikuwa anaweka kikombe chini na kusema, "Kama ni Yeye aliyekuambia, basi na wale vijana aliwaona. Aliwaona wanainuka. Mimi nilikuwa na mkono wa kapteni begani. Yeye alikuwa na mkono wa nani?"

Hapo baba mdogo alinyamaza akaangalia chai yake. Nilidhani ananyamaza kwa sababu hana jibu.

Mwaka huu ugonjwa ulimkamata baba mdogo kooni. Kwanza akawa anameza kwa shida, halafu ikawa uji, halafu uji mwepesi wa kijiko. Mpishi mzima, aliyelisha kombania, anashindwa na kijiko cha uji. Jumamosi mbili kiti chenye mguu mfupi kikakaa kitupu, ndipo mama mdogo, mkewe, akatuma mtu kutuita.

Tulimkuta amelazwa chumba cha mbele, kitanda kimevutwa dirishani ili aone uwanja na mafiga. Chumba kilinuka dawa na sabuni. Amekuwa mdogo kiasi kwamba shuka ilikaa kama haina mtu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Mbona umekonda? Huyu mzee hakulishi?"

"Mimi ndiye ninayemlisha."

"Ndiyo maana na yeye kakonda."

Baba alivuta kiti akakaa. Hawakusalimiana, hawa wawili hawajawahi kusalimiana. Baba mdogo akamwangalia, akamwita kwa jina lake la kambini, "Tarumbeta, nataka unipigie wito."

"Wito wa kulala nitakupigia. Nilishakuahidi."

"Huo utaupiga sitausikia. Nataka wa chakula, na nataka niwe hai."

Baba akaangalia ukuta. Niliijua ile sura, ilikuwa ya mezani kwetu.

"Jumapili hii ijayo mama mdogo wa huyu atapika sufuria kubwa," baba mdogo akaendelea. Sauti yake ilitoka kwa kukwaruza, akawa anapumzika baada ya kila maneno machache. "Majirani watakuja. Utapiga, watakuja, watakula. Basi. Niliwahi kuwaita watu kwenye chakula kisichokuwepo. Mimi ni mpishi. Siwezi kufa hivyo."

"Sina meno," baba akasema.

Ilikuwa kweli. Meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yameng'oka moja baada ya jingine, na bila meno ya mbele mdomo hauna pa kuegemeza tarumbeta. Akafungua mdomo kabisa pengo lionekane. Baba mdogo akageuza macho kwangu.

"Na huyu mtoto wako anatengeneza nini? Viatu?"

Tukaondoka, tukafika kwenye kona ya duka la mbao. Hapo baba akasimama. "Usinitengenezee," akasema. "Ule siupigi."

Nilikuwa nimechoka, na nikichoka ulimi wangu hauna breki. Nilimwambia, "Basi rudi ukamwambie hutaki. Usimwambie huna meno. Mtu yuko kitandani anakufa, wewe unamletea habari za meno." Aliniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. Tukamaliza njia bila neno, nikapika bila neno, tukala bila neno. Kuna nyumba zinazogombana kwa sauti, na kuna yetu.

Asubuhi yake nilipofungua karakana nilimkuta ameketi kwenye benchi la nje na ile tarumbeta ndani ya kitambaa. Hakunieleza kilichombadilisha, nami sikuuliza. Nilimvalisha taulo shingoni, nikachukua kipimo cha mdomo wake. Nimeshika midomo ya watu maisha yangu yote lakini wa baba sikuwahi. Ndani ya mdomo wa juu alikuwa na alama, kama mfereji mdogo, iliyochimbwa na miaka ya kuegemeza shaba palepale.

Nilimtengenezea meno mazuri. Meno ya juu ya mbele, yamenyooka, rangi ya mtu wa umri wake, yana vikulabu vya waya vya kushika magego yaliyobaki ili shaba isiyasukume. Akayavaa, akaonekana kijana. Akainua tarumbeta akapiga. Ilitoka pumzi na mate. Nikakaza kulabu, akajaribu tena, ikatoka sauti ya ndama aliyekwama. Siku mbili nilikwangua na kukaza, na kila mara sauti ilitoka ubavuni, imepasuka.

"Umeona," baba akasema, "imeshindikana." Na nikaona kwamba amefurahi. Iliniuma. Mzee wa umri ule kufurahi kwa sababu amepata kisingizio cha kutomfanyia rafiki yake kitu cha mwisho.

Jioni nilipokuwa nafuta vumbi sebuleni nilisimama mbele ya picha ya harusi ya wazazi wangu. Baba anacheka, mdomo wazi. Jino lake moja la mbele limepanda juu ya jirani yake, limekaa upande kama mtu anayepenya kwenye foleni. Nilikuwa nimelisahau. Kazi yangu ni kunyoosha. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuniomba meno ya kombo, na mkono wangu ulimnyoosha baba bila kuniuliza. Kumbe tarumbeta yake tangu ujana iliegemea jino lile la kombo. Kila wito aliowahi kupiga ulipita hapo.

Nikayeyusha nta, nikaanza upya. Jino nikalipandisha juu ya jirani yake, nikalikwangua pembe mpaka likalingana na ule mfereji wa ndani ya mdomo wake. Ni meno mabaya kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na daktari alipoyaona mezani aliniuliza kama naumwa.

Baba akayavaa. Akalamba midomo. Akainua tarumbeta, akavuta noti moja tu, ndefu, iliyonyooka. Kule mbele, kwenye chumba cha kusubiria, watu wote wakanyamaza. Alipoishusha hakuwa na furaha hata kidogo.

"Haya," akasema. "Umenimaliza."

Jumapili tulienda. Mama mdogo alikuwa amepika sufuria ambayo watu wawili wasingeweza kuiinua, wali, na nyingine ya maharage pembeni. Majirani walishaanza kuleta viti na kuvipanga uwanjani, wakiongea kwa sauti ya chini kama watu wa nyumba ya msiba, ingawa mwenyewe alikuwa hai na anawachungulia dirishani. Alikuwa amewekewa mito mgongoni na kuvalishwa shati safi. Baba alipoingia, baba mdogo akaniambia nifunge mlango. Nikataka kutoka, akasema, "Kaa, mama. Utanipa maji."

Nikakaa na kikombe na kijiko.

"Tarumbeta," akasema, "kabla hujapiga. Kule kilimani Mungu hakuniambia kitu."

Baba alikuwa anapangusa tarumbeta. Mkono ukasimama.

"Kusali nilisali. Nilisali usiku kucha na sikusikia hata mbu. Asubuhi wazo likanijia lenyewe, kama linavyokuja wazo la kuongeza chumvi. Lakini koplo wa jikoni akimpelekea kapteni shauri la vita atafukuzwa. Nikasema limetoka kwa Mungu. Kapteni alikuwa mtu wa kusali."

Nilimpa kijiko cha maji. Kilimchukua muda.

"Na baadaye?" baba akauliza. "Baadaye kwa nini hukusema?"

"Nilikuona umekaa na yale mabakuli. Nikajiambia, akijua ni mimi, atanichukia, na sina rafiki mwingine. Akidhani ni Mungu, atamchukia Mungu. Yeye amezoea."

Uwanjani mtu aliangusha kifuniko, mama mdogo akamkemea.

"Miaka yote hii umenidanganya," baba akasema.

"Nimekudanganya nini? Si ulikuwa huamini?"

Baba hakucheka. Mimi niliyekuwa nimeshika kikombe ndiye niliyeingiwa na hasira, hasira ya kweli, mpaka maji yakamwagika kwenye shuka. Mama yangu alikufa akimwombea mumewe arudi kwa Mungu, na mtu aliyewatenganisha alikuwa barazani kwetu kila Jumamosi anakunywa chai aliyoichemsha mama kwa mikono yake. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikamwangalia shingo, ngozi imeshikana na mifupa, na kola ya shati safi imekuwa pana kama ya mtu mwingine. Nikapangusa shuka.

Baba alikaa ukingoni mwa kitanda. "Hakukuambia kitu," akasema taratibu, "na bado unamwamini?"

"Namwamini. Sijui kwa nini alinyamaza. Nitamuuliza, niko njiani." Akafumba macho kidogo, akafumbua. "Ila siwezi kufika mbele yake huku nimemsingizia. Wale vijana ni wangu, Tarumbeta. Mimi ndiye niliyewaita. Usimdai Yeye."

"Mimi ndiye niliyepiga."

"Ulipiga kwa sababu mimi nilitaka."

"Nikamaliza," baba akasema. "Niliwaona, nikamaliza. Hapo hukuwepo wewe, Ukoko, wala Yeye. Hapo nilikuwa mimi."

Baba mdogo alimshika mkono. Sijawahi kuwaona wakishikana mikono. "Basi tugawane," akasema. "Haya, toka nje upige. Chakula kinapoa."

Baba alitoka. Alisimama katikati ya uwanja, karibu na mafiga, na koti lake la kijani ambalo siku zote nililiona makaburini tu. Majirani wakageuka kumtazama. Aliinua tarumbeta, akaishusha. Akaipangusa mdomo wake, ingawa ulikuwa safi. Nilikuwa dirishani kando ya baba mdogo, na nilimsikia mgonjwa akisema chini chini, "Taratibu, taratibu," kama anavyosema mtu akimwangalia mwenzake anavuka mto.

Wito ukatoka. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na wa furaha kweli, furaha ya kijinga ya vijana wenye njaa. Katikati sauti ilitetereka mara moja, pale nadhani ndipo alipowaona wanainuka. Hakuacha. Alimaliza. Na watu, kwa kuwa waliambiwa waje wakisikia, wakaja, sahani mkononi, wakajipanga mbele ya sufuria, na mama mdogo akaanza kupakua.

Baba mdogo aliagiza sahani tatu zipakuliwe kwanza na kuwekwa mezani pembeni. Zilikaa pale, nzi wakaanza kuzizungukia. Baadaye vibarua waliokuwa wakijenga ukuta wa jirani wakachungulia getini. Wamesikia tarumbeta wakadhani ni harusi. Mama mdogo akawaita, akawapa zile sahani, na kwa kuwa walikuwa wanne akaongeza moja. Wakala wamesimama, haraka, wakashukuru, wakarudi kwenye matofali yao. Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa anahesabu vijiko vyao kwa macho, kama mpishi yeyote. Kisha akalala usingizi, watu wakiwa bado wanakula.

Alikufa kabla wiki haijaisha. Siku ya maziko baba alisimama mahali pake, hatua chache kutoka kaburini, akangoja. Mchungaji alisema maneno mazuri. Baba akapiga wito wa kulala na haukuwa na doa. Wenzake wa kilimani hakuna hata mmoja aliyebaki wa kuusikia, alikuwa amemzika wa mwisho. Tukarudi nyumbani kwa miguu, pole pole, miguu imetuvimba sote wawili. Sikumuuliza mchungaji kasema nini.

Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa sababu kulikuwa hakuna kilichopikwa. Nilibandika sufuria. Kupitia mlango uliokuwa nusu wazi nilimwona baba ameketi mezani, bado na koti. Alivua meno, yale mabaya, akayatia kwenye kikombe cha maji. Mashavu yakaingia ndani, akawa mzee tena. Akainama kidogo. Nilidhani anafungua viatu.

"Nimeambiwa siku ile hukusema kitu," akasema. Bila meno maneno yalimtoka nusu nusu, ikabidi nifunge bomba la maji nisikie. "Sawa. Hata leo usiseme. Sikiliza tu."

Kisha akawataja wale vijana watatu, mmoja mmoja, jina na jina la baba yake. Maisha yangu yote nimesikia habari za kilima, na majina hayo sikuwahi kuyasikia. Akamtaja na Ukoko kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo pia nilikuwa silijui.

"Nimewabeba mpaka nimechoka," akasema. "Na huyu mwenzangu alichoka. Wachukue."

Akabaki hivyo, kichwa chini. Nadhani hakujua sala inafungwaje. Mama ndiye aliyekuwa akizifunga, na yeye alikuwa akiangalia ukuta. Nilingoja, nikaona hatamaliza.

"Amina," nikasema kutoka jikoni.

Aligeuka taratibu, kama mtu aliyesahau kuwa nyumba ina mtu mwingine. Tukaangaliana kupitia ule mlango. Akajipangusa uso kwa mkono wa koti.

"Chakula kipo?" akauliza.

"Kipo, baba," nikamwambia. "Njoo ule."